Gaita

Bi Filomena alitoka Nampula na sanduku la bati,
akaolewa hapa Chwale na Faki mpiga zumari.
Kiswahili chetu alikimeza na miba yake,
Kireno akakiacha bandarini,
ila neno moja lilimganda kama ukoko:

Gaita!
chungu kikiungua.
Gaita!
mbuzi wa Shaame akiingia kwenye mihogo.
Na Faki akirudi mikono mitupu kutoka harusini,
alinyooshewa kiganja: "Gaita iko wapi?"
Hapo tulijua inatakiwa pesa.

Nilikuwa darasa la sita, nina daftari la msamiati.
Nikamwuliza, Bibi, gaita ni nini hasa?
Akafuta mikono kwa leso.
"Kitu cha kupuliza, kama zumari la huyu.
Kwa wengine kina mfuko wa ngozi kwapani,
kwa wengine ni kinanda cha mdomo, unakitia mfukoni."
Na chungu?
"Chungu kimeungua."
Na pesa?
"Pesa nazo ni pumzi, huoni zinavyotoka?"

Faki akadakia kutoka barazani:
"Leso yenyewe ya Kireno. Na meza.
Na hiyo turufu aliyonificha jana.
Hata ng'ombe tunayemcheza,
wanasema Mreno ndiye aliyemfunza hasira.
Sisi tukamfunza kusikiliza."

Mwaka ule mvua ziligoma.
Ng'ombe akatolewa uwanjani, amefungwa kamba ndefu,
wanawake wakajipanga na maneno yao makali,
Faki akavimba mashavu kama bunju.
Alipopuliza, ng'ombe aliinamisha pembe,
vijana wakaruka ukuta, mmoja akaacha shuka.

Mvua ilikuja wiki ya tatu.
Kifua cha Faki hakikuingoja.

Miezi minne na siku kumi.
Eda ilipokwisha, Bi Filomena alifungua kitambaa,
akalowesha ulimi wa zumari kwa ulimi wake,
akapuliza.
Ukatoka upepo tu, na kijivumbi.

"Gaita," akasema,
taratibu, kama anayemwita mtu wa chumba cha pili.

Daftari ninalo bado.
Moja, ala ya kupuliza. Mbili, neno la kuudhika.
Tatu, fedha.
Nne, nimeweka nukta, mbele yake hakuna kitu.
Pembeni, wino mwekundu wa Mwalimu Rehani:
Neno hili si Kiswahili. Futa.

Sikufuta.