Nusa Kwanza

Saa nne za usiku, Ghubra, nyuma ya kituo cha mafuta,
fukuto limetukaa shingoni kama taulo bichi,
na Rumaitha, binti wa mjomba, ana riali mia na ishirini
amezikunja ndani ya kava la simu.
Usiseme neno, nikamwambia. Mwenye hamu hupandishiwa bei.

Mimi nilishalia.
Mwaka juzi, Al Khoudh, nilinunua jozi kwa riali tisini
kwa kijana mwenye kanzu safi na maneno ya asali.
"Zimetoka jozi mia tatu tu, dunia nzima," aliniapia,
nikajiona mfalme wa mia tatu.
Ijumaa ya kwanza, mwezi wa sita,
niliziacha juani, mlangoni mwa msikiti,
muda wa hotuba na rakaa mbili.
Kutoka, nakuta soli imeng'ang'ania sakafu
na kiatu kimebaki mkononi.
Gundi imeyeyuka kama halua isiyoiva.
Watu walicheka kwa adabu, na hicho ndicho kicheko kinachouma.
Nikaifuata gari pekupeku, nikirukaruka kama bisi.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Hawakuwahi kukutana na kibaya kilichopigwa picha vizuri.

Basi gari jeupe likasimama, buti likafunguka,
na Azzan, ndilo jina alilotupa, akawasha tochi ya simu
kana kwamba anatuonyesha mtoto mchanga.
Rumaitha akavuta pumzi.
Nikamkanyaga mguu.

Nusa kwanza.
Raba ya kweli ina harufu kavu, ya karatasi na mpira;
ya uongo inanuka rangi ya mlango, inakupanda kichwani.
Halafu ulimi: ukunjue, usome kitambaa kilichoshonwa ndani,
namba zake zipatane na za ubavuni mwa boksi
kama jina la pasi na jina la tiketi.
Halafu mshono: pitisha ukucha kisiginoni,
uzi ukiruka hatua, na wewe ruka.
Na ukiambiwa "kuna mwingine yuko njiani, anazitaka,"
mwache aje.
Huyo mwingine huwa hafiki.

Azzan hakusema kuna mwingine.
Alitoa risiti iliyofifia, akaikunjua kwa vidole viwili.
"Nililala nje ya duka, Dubai, juu ya kadibodi, masiku mawili.
Nilipofika mlangoni ilibaki thelathini na tisa tu.
Mguu wangu arubaini na tatu."
Ukanyamaza ule usiku.
"Nikanunua hivyo hivyo. Miaka minne ziko kabatini.
Sasa naoa."

Miaka minne kabatini si sifa.
Hewa yetu hii ya chumvi hula soli kimyakimya,
kiatu kisichotembea huzeeka kabla ya mwenyewe,
siku ukikivaa kinamwagika unga, kama biskuti.
Nikaikunja soli. Nikabonyeza kwa kidole gumba.
Ikarudi. Nikabonyeza tena.
Hai.

"Mia na arubaini," akasema.
"Themanini," nikasema, kwa sauti ya mtu anayetafuta funguo zake.
Tukakutana mia kasoro tano,
pesa baada ya kiatu, si kabla.

Nilidhani Rumaitha atazirudishia karatasi yake,
azifiche miaka mingine minne, zipande bei.
Akakaa ukingoni mwa njia, akavua ndala,
akafunga kamba, mafundo mawili,
akakanyaga vumbi.

Azzan akashika kichwa: "Dada! Umeiua bei!"

"Na vidole vyangu vimefufuka," akajibu,
akavichezesha mle ndani, tukaona ngozi ikinyanyuka,
kisha akavuka barabara kwa muuza mishkaki,
akaagiza vijiti sita na mchuzi wa ukwaju, pilipili nyingi.
Tone la kwanza likaangukia pale pale
nilipojua litaangukia.