Lisilo na Kwao

Jumanne, saa moja usiku, chini ya shule ya Brekkestad,
chumba kinanuka kahawa, sufu mbichi na vumbi la mwamba.
Torgeir anafungua daftari la mahudhurio: tuko tisa.
Mwaka juzi tulikuwa kumi na wanne.
Sheria yetu ni moja, imebandikwa juu ya sinki:
JIWE LISILO NA KWAO NI KOKOTO.

Usidhani tunatafuta dhahabu.
Majira ya joto tunapanda malundo ya machimbo yaliyofungwa,
kofia ngumu, miwani, patasi, mikate na jibini la kahawia,
kutwa nzima tukipekua walichotupa wenye mashine.
Eldbjørg, daktari wa meno mstaafu, hajabadili kazi:
anagonga, anasikiliza, anagonga.
Siku moja alitoa fuwele ya zirkoni
ndogo kuliko punje ya ulezi.
Tuliipokezana kiganja kwa kiganja, lenzi jichoni,
kila mtu amebana pumzi
isije ikapeperuka.

Leo hakuna mhadhara.
Gudveig ameleta mawe ya Oddvar.

Masanduku sitini na moja: ya sigara, ya aiskrimu,
moja la viatu vya mtoto.
"Yalikuwa mvunguni," anasema,
"miaka arobaini nafagia kuyazunguka."
Mtaka cha mvunguni, tunajua;
ameinama mara sitini na moja
na goti lake lile.

Håkon ana miaka kumi na mitatu na macho makali,
basi yeye ndiye anayesoma vikaratasi.
Mwandiko wa Oddvar umelala upande mmoja
kama nyasi theluji ikishayeyuka:
*Ulanga mweusi. Barabara ya Hedrum. 1978. Mvua.*
*Felspa. Nyuma ya ghala, ukingo wa Lågen. Mbwa!*
*Sijui nini. Kjose. Torgeir anasema anajua. Hajui.*
Tunacheka. Torgeir anacheka mwisho,
kisha anaomba alione hilo jiwe tena.

Tunazima taa, tunawasha ile ya miali isiyoonekana,
na mawe ya kijivu, yaliyokuwa kama viazi mezani,
yanawaka rangi ya chungwa,
makaa yasiyounguza mtu.
"Kumbe ndiyo haya," anasema Gudveig gizani.
"Nami nilidhani hapati usingizi."

Taa zinarudi. Limebaki sanduku la viatu.
Ndani, pamba. Ndani ya pamba, jiwe moja,
namba 212, tarehe 9 Machi 1984.
Mahali, hakuna.
Torgeir analikwaruza juu ya kigae: hakuna mstari.
Tone la asidi: halisemi kitu.
Kwenye giza tena, chini ya taa: giza.
Eldbjørg analigeuza mara mbili, inatosha.
"Kifusi cha barabarani. Halina kwao."
Mkono wake uko njiani kwenda kwenye ndoo.

"Lina kwao," anasema Gudveig.
"Hospitali ya Tønsberg, maegesho ya magari,
upande wa mashariki, mlango wa wodi ya watoto.
Aliliokota tukirudi garini.
Hatukuwa na kitu kingine cha kubeba."

Mtungi wa kahawa unakoroma peke yake.
Håkon anatazama viatu vyake.
Torgeir anavaa miwani, anavuta kikaratasi kipya,
na kwa sauti ileile anayomuuliza kila mtu,
maana sheria ni sheria, anauliza:
"Hatua ngapi kutoka mlangoni?"

"Sita. Labda saba."

Anaandika *sita hadi saba*. Anapuliza wino.
"Na aina?" anauliza Håkon.
Eldbjørg amelichukua tena, safari hii kwa mikono miwili.
"Graniti," anasema. "Andika graniti. Nzuri."

Saa tatu tunapanga viti.
Sitini ametuachia, tugawane au tuuze mnadani.
La viatu amelibana kwapani, koti juu yake,
na ngazi anazipanda moja moja,
asikubali kushikwa mkono.