Matairi ya Bei ya Katikati

Kirinyaga Road, Jumamosi, saa nne na nusu,
jua la Februari limeshakalia mabati.
Nyabuto anabonyeza tairi langu la nyuma
kama daktari anayetafuta panapouma.
"Hili ni kipara, Mwalimu. Hata siafu angeteleza."

Dukani kuna matabaka, sawa na mtaa wowote:
juu, yenye majina ambayo hata bawabu anayajua,
moja tu ni karo ya muhula;
chini, yale yanayonuka mafuta ya taa,
ambayo muuzaji akiyataja hakutazami machoni.
Katikati, rafu ya usawa wa kiuno,
majina ya kutatiza ulimi
na lebo yenye kijijua cha njano.
"Ya kiangazi," akasema Nyabuto.

Nikacheka. Kiangazi cha nani?
Huko yalikotoka watu huyavua na kuyavaa
kama makoti.
Sisi ni jua, matope, jua, matope,
na Julai ile ya kijivu isiyojua itakacho,
gari lilelile, matairi yaleyale.

Nilikuwa nimeulizia, mimi si wa kukurupuka.
Odipo wa ghorofa ya pili, mwenye Probox:
"Yanavuma ukifika themanini, nyuki ndani ya debe.
Lakini nani hufika themanini Mombasa Road?"
Bi Saumu wa South C: miaka mitatu, pancha mbili,
zote misumari ya mjengo wa jirani,
na jirani hadi leo hajaomba radhi.
Chepkwony alisema tu, "Subiri mvua."
Chepkwony husema hivyo hata kuhusu ndoa.

Nikalipa. Elfu ishirini na nane yote manne,
vali mpya na balansi ndani yake.
Moja la zamani lilikuwa na doa jeupe ubavuni,
rangi ya ukingo wa maegesho ya hospitali
usiku ule nilipompeleka mama
na sikuona ukingo.
Nyabuto akalirusha juu ya rundo.
"Haya nayo huenda wapi?"
"Hapa hakuna kinachokufa," akasema, akifuta mikono.

Machi ikapita kavu.
Nikasahau kwamba nina matairi,
na sijui kama kuna sifa kubwa kuliko hiyo.
Yalivuma, ndiyo. Odipo hakusema uongo.
Nikawa naongeza sauti ya redio.

Kisha mvua ya kwanza,
ile inayoamsha mafuta yaliyolala ndani ya lami.
Landhies Road, giza linaingia,
mkokoteni wa mitungi ya maji ukakata mbele yangu.
Nikakanyaga.
Gari likafikiri.
Sina neno jingine: likafikiri,
likasonga mbele upana wa kitanda,
mkia ukapepesuka,
halafu mpira ukakumbuka kazi yake
ukauma.
Kati ya bampa na mitungi
ilibaki nafasi ya mtu kupita kiubavu.

Mwenye mkokoteni hakugeuka.
Mfuko wa sukari kichwani, shingo mbele,
alikuwa akimtukana mtu mwingine kabisa.
Na magurudumu yake yakazunguka polepole
mbele ya taa zangu:
la kushoto kipara kabisa,
na ubavuni, likija juu, likishuka, likija juu,
doa jeupe.

Labda.
Nairobi ina kingo nyingi zilizopakwa rangi.
Honi zikaanza nyuma yangu.

Jumapili nikachutama kando ya gari,
nikachomeka sarafu ya shilingi kumi
kwenye mfereji wa kila tairi, moja baada ya jingine.
Nikavuta changarawe mbili kwa ufunguo.
Nikakaa pale muda mrefu kuliko kazi yenyewe.

Odipo akachungulia kutoka kwenye roshani yake,
mswaki mdomoni.
"Vipi, Mwalimu? Yanafaa?"

"Yanavuma," nikamwambia.