Safu ya Maoni

Kila Jumanne nabadilisha mirija.
Nguzo ya kwanza iko mdomoni mwa kasoko la Masaya,
barakoa inanibana mashavu, pikipiki nimeiacha
imeelekea njiani, ufunguo ndani,
tayari kukimbia.
Huko chini kasuku wadogo wamejichimbia viota
katika kuta zilezile zinazofuka.
Jioni hurudi kwa makelele, wanapenya wingu
nisiloruhusiwa kulivuta zaidi ya dakika tano.
Wanaishije? Nimeuliza.
Fomu haina safu ya swali hilo.

Halafu nashuka na upepo.
Nguzo ya tatu: nyasi fupi, ngumu, rangi ya mkeka mkuukuu.
Ya tano: dungusi, ngozi nene, halijali.
Ya saba: mparachichi, majani yameungua ncha tu,
kama barua iliyookolewa jikoni.
Ya kumi na moja, ya mwisho, iko mgongoni mwa El Crucero,
pale wingu linapoikuta ardhi imeinuka
na kuipiga kikumbo:
shamba la Zeneida Membreño.

"Leo kiasi gani?"
Ndiyo salamu yake. Hujambo hana.
Namwambia mrija hausemi papo hapo,
sharti uende maabara, Managua, wiki tatu,
ndipo urudi na namba.
"Mimi nimepiga chafya nne kabla ya kifungua kinywa.
Andika nne."

Mibuni yake ilikuwa elfu mbili.
Mwaka mmoja ilichanua, nyeupe hadi ukaona haya kukanyaga,
kisha upepo ukakaa siku tisa bila kugeuka.
Jani la mbuni halifi kwa kishindo.
Huanza pembeni, ukingo wa kahawia,
kama chai iliyomwagikia daftari,
ukatambaa kuelekea kati;
mshipa hubaki kijani peke yake,
mkaidi,
halafu nao huachia.
Mumewe alitia chokaa udongoni.
Mumewe aliosha majani usiku, kwa taa, moja moja.
Mumewe akaenda Kostarika kuchuma kahawa ya watu.

"Dalili ya mvua ni mawingu," akasema Jumanne hii,
"dalili ya hii yenu ni misumari,"
akaleta kopo la mafuta ya kula.
Kila Januari hutundika msumari mpya, inchi tatu,
kwa uzi, chini ya ukingo wa paa.
Desemba huushusha, huufunga kitambaa chenye mwaka,
huuzamisha katika mafuta usiendelee kuliwa.
Ishirini na sita. Akaipanga mezani.
Mingine ina ukurutu tu.
Mmoja, wa zile siku tisa, umebaki kama mwiba wa samaki.
Na huu hapa mnene, karibu mpya:
"Mwaka huu mlima ulisinzia. Nilivuna magunia tisa.
Ninyi mlikuwa wapi?"

Hatukuwepo.
Vifaa vyetu vilifika miaka kumi na moja baadaye.
Kabla ya hapo grafu yetu ofisini
ni karatasi nyeupe na mhimili.
Nikaipima yote kwa mizani yake ya jibini,
mikono ikininukia mafuta ya zamani.

Najua ninachotakiwa kumshauri:
pitahaya, nanasi, vitu vyenye ngozi.
Nikafungua kinywa. Akanivuta nyuma ya ukuta wa jiko,
kwenye kivuli cha mabati aliyoyasimamisha kukinga upepo.
Miche sitini ya buni katika vikopo vya maziwa.
Nikafunga kinywa.

Natoka, naona pikipiki yangu uani kwake:
imeelekea njiani, ufunguo ndani.
Yeye pia ameiona. Hakusema kitu.

Nguzo 11. Mrija umebadilishwa, saa nne na robo.
Upepo: mashariki, wastani.
Maoni: misumari 26, uzito umeambatishwa.
Chafya 4.
Miche 60, majani mawili mawili,
kingo safi.