Mwendo Unakaa Kisogoni

Ghaniya, leo wamefunga taa za harusi
kwa Bi Shinuna, hapa Al-Hail,
kutoka paani hadi kizingitini,
na mchana huu huu wakazijaribu: zikakimbia.
Watoto wakazifukuza kwa vidole,
ile! ile! imefika! imerudi!
Nikaleta ngazi, nikapanda, nikashika moja.
Iliwaka, ikazimika, ikawaka kiganjani mwangu,
vuguvugu kama yai lililotoka kuatamiwa,
na haikubanduka pale fundi alipoifunga.
Hakuna iliyokwenda.
Hii ilizimika, jirani yake ikawaka,
na katikati, penye waya mtupu,
akili yangu ikapitisha mkimbiaji
asiyezaliwa na mtu.

Wewe ungeziona zilivyo.
Nilishuka ngazi na neno hilo, nikakaa nalo chini.

Mwaka wa tatu huu, tangu barabara ya Nizwa,
tangu gari lilipopinduka karibu na Fanja.
Daktari alinichorea ubongo nyuma ya karatasi ya dawa:
hapa rangi, hapa sura za watu,
na hapa, kando ya kisogo, huku na huku,
vijisehemu visivyozidi tende mbili.
Akavikata kwa wino.
"Mwendo ulikuwa unakaa hapa."
Nikamwambia, lakini macho yake mazima!
Akasema macho ni wapagazi,
wanabeba picha, wanaishusha mlangoni, wanarudi zao.
Kujua kwamba kitu kinakwenda
ni shughuli ya wenye nyumba.

Basi unasimama ukingoni mwa barabara ya Mabela
na gari jeupe liko kule, kwenye pampu ya petroli.
Liko kule.
Liko kule.
Liko hapa.
Hakuna njia iliyolileta.
Ndiyo maana unafumba macho ndipo uvuke,
umenishika mkono, unasikiliza matairi,
na watu wanasema, maskini, kipofu.

Unaikumbuka falaji ya Birkat al-Mouz?
Tukilala kifudifudi juu ya ukingo,
tukihesabu hadi mia bila kupepesa,
maji yakipita, yakipita chini ya pua zetu,
halafu upesi tunainua macho ukutani
na mawe yanaondoka!
Yanarudi mlimani, kinyume cha maji,
yanakwenda na hayatoki yalipo.
Ulipiga yowe, ukasema jini.
Bibi akatoka mbio na upawa unaodondosha mchuzi.

Jini mwenyewe nimemsoma ukubwani.
Kisogoni wamo wanaosema "kushoto"
na wamo wanaosema "kulia",
usiku na mchana wanavutana kamba.
Maji yakawachosha wa upande mmoja,
wakalegea, kamba ikaenda kwa wenzao,
ukuta ukahama.
Kumbe jiwe lililotulia
halikutulia kwa kukosa neno.
Ni sare tu.

Tulirudi pale mwezi wa Shaabani.
Ulitazama maji muda mrefu,
ukasema kama kioo kilichopasuka,
kila mara mpasuko mwingine.
Nilikosa la kukujibu.
Ukakunja mkono wa kanzu, ukatia vidole.
"Ee, yanakwenda," ukasema. "Yananivuta pete."

Jioni umekuja harusini na shela la zambarau.
Umesimama uani, umeinua kidevu,
wanawake wakikupisha kwa marashi na sahani za halua.
"Taa nzuri," umesema.
"Hazikimbii. Zinapokezana."
Muhanna, miaka mitano, hakukubali.
Amekushika kidole cha shahada,
amekielekeza kwenye waya, amekivuta,
hii, mama, ifuate hii, mpaka kizingitini,
mkono wako ukienda, bangili zikilia,
na wewe umefumba macho,
unacheka.