Chongo

Saa kumi jioni, na Tartu imeshameza giza lake la Desemba.
Leelo anavuta nukta kiooni:
boriti ya kwanza inalala,
ya pili inasimama wima penye ncha yake,
ya tatu inakuja mbele, inamjia usoni,
wala hairudi kwao.

Kuna pengo. Lingekosaje?
Kona tatu, kila moja digrii tisini:
mia mbili na sabini, hesabu ya shule inagoma.
Basi anaihamisha kamera, unywele kwa unywele,
anaukataza umbali usipunguze kitu,
mpaka ncha ya mwisho ikae mbele ya ncha ya mwanzo
kama kiraka juu ya tundu la suruali.
Imeshika.
Kila kona ni kweli; zote pamoja ni uongo.

Kivuli tu ndicho kilichomchongea:
kilianguka sakafuni kimevunjika.
Akakizima.

Baba yake, Urmas, seremala wa madirisha,
aliinama nyuma ya kiti, ananuka gundi na msonobari.
"Nizungushie nione mgongo wake."
Digrii moja, mbili, na umbo likaachama kama taya.
Hakucheka. Aliuliza vipimo.

Siku nne randa ililia karakanani.
Ijumaa akaning'iniza mbao tatu kwa waya,
akachora msalaba wa chaki: simama hapa.
Leelo akasimama. Macho yake mawili yakabishana,
hili likishuhudia mbele, lile likishuhudia nyuma,
na katikati ya ushahidi, pengo.
"Haikufunga, baba."
"Imefunga," akasema Urmas,
ambaye jicho lake la kushoto liliondoka na kibanzi
mwaka ule alipokuwa akichonga kitanda cha mtoto.

Kwetu husemwa, ukipenda, chongo huita kengeza.
Sijui Waestonia husemaje.
Leelo alivua glavu, akajiziba jicho kwa kiganja,
akasogea, kwa kuwa chaki ilikuwa moja na watu wawili,
hata sikio lake likagusa sharubu za mzee.
Akanyamaza muda mrefu.

Mimi nilikuwa mlangoni, nimeleta kodi ya chumba.
Kutoka pale niliona vijiti vitatu visivyofikiana
na watu wawili wamebanana juu ya msalaba mmoja,
kila mmoja na jicho lake,
theluji ikipita miguuni pangu kuingia ndani.
"Funga mlango," wakasema, bila kugeuka.