Ufunguo wa Duka

Betri ile niliitoa mimi kwenye laptopu iliyokufa,
nikaipima, ikasoma tatu nukta nane,
nikaivisha ngozi mpya ya plastiki, zambarau,
nikasema: haya, Twaha, yako hii,
usinisumbue tena na sigara yako ya stima.

Moshi wake ulinukia embe na mnanaa.
Nami, mvutaji wa miaka ishirini,
nilimwambia angalau hiyo haina jivu.

Jioni ile nilimwachia afunge duka.
Nikamtupia ufunguo, akaudaka hewani
kama golikipa wa mtaa.
Alipokwisha kufunga akautia mfukoni,
mle mle ilimolala betri ya akiba
na shilingi ishirini ya mkate wa mofa.

Stima haiulizi mtu. Chuma kikigusa chuma, yapita.
Hayo nilimfundisha mwenyewe, mezani pangu,
kwa waya wa redio na balbu ya tochi:
ncha hii na ncha hii zisikutane,
zikikutana zinakulana.
Sikumwambia kuwa mfuko nao ni mahali pa kukutania.

Wanasema alikuwa amefika Sega, kwa muuza kachiri.
Wanasema ulisikika mlio kama fataki ya arusi,
watu wakatazama juu, wakicheka.
Jinzi ilishika, ikamganda.
Akawa ajipiga paja kwa viganja
kama mwenye kuua mbu asiyekufa,
ndiyo maana viganja navyo vimefungwa bendeji.

Muuza kachiri alimmwagia ndoo nzima ya maji ya sahani,
akakimbilia ya pili.
Mungu amlipe.
Wengine walileta dawa ya meno, mwingine unga,
mwingine simu, apige picha.

Makadara, kitanda cha dirishani.
Wamechuna ngozi paja la kushoto
wakaipanda la kulia;
sasa yamuuma kote kuwili.
Mamake, Bi Mwanatumu, hakunitukana.
Alinipa kiti. Alinimiminia chai ya chupa yake.
Aliniuliza neno moja tu:
"Fundi, kumbe sigara huripuka?"
Nikasema, betri, mama. Si sigara.
Akanitazama kama mtu aliyeambiwa
mwanawe hakuzama baharini, amezama majini.

Muuguzi alinikabidhi bahasha ya vitu vya mgonjwa:
shilingi, nyeusi upande mmoja,
na ufunguo wangu, meno mawili yamelika.
Nimeusugua kwa msasa. Haungii.
Siku ya tatu nilitwaa nyundo.

Ndani, zilizobaki kumi na nne zimejipanga safu,
zambarau, nzuri, zimejaa.
Nimekata mpira wa baiskeli
nimezivika kofia, moja moja, ncha kwa ncha,
hadi adhana ya alfajiri.
Mteja akija kuuliza bei namwambia:
kwanza toa vilivyomo mfukoni, uviweke hapa.
Wawili wamenicheka. Mmoja amekwenda duka la pili.

Jana Twaha alifumbua macho,
midomo mikavu, sauti ya mtu aliye mbali.
Nilidhani ataomba maji. Nilidhani atanilaani,
na nilikuwa nimejiandaa.
"Fundi," akasema, "duka nilifunga?"

Ulifunga, nikamjibu.
Kufuli lilinitoa jasho.